Mahari Yangu Imeonekana Shaba

Kisarawe, 9 Machi 1954

Mshauri wetu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wanaolisoma gazeti hili. Mimi ni mtu mzima mwenye mume na mimba ya miezi sita, naandika barua hii kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu nilisoma hadi darasa la nne, na jambo lenyewe sitaki mtu wa hapa aniandikie halafu kesho nilisikie kisimani. Naomba unisaidie, maana nimefika mahali sijui kama mimi ni mke wa mtu au si mke wa mtu.

Jina langu ni Mwanakheri binti Kitwana. Mume wangu anaitwa Pazi, ni mkulima wa Mlandizi, na watu wengi wanamjua kwa mbio. Mwaka jana kulikuwa na michezo ya sikukuu Dar es Salaam na vijana wa wilaya mbalimbali wakaitwa kushindana, na katika mbio za maili moja Pazi akawa wa kwanza, kijana mmoja wa Maneromango aitwaye Hemedi akawa wa pili, na mimi nilikuwapo pamoja na shangazi yangu Biasha, nilimwona kwa macho yangu akipita mbele ya watu wote bila viatu, na Mzungu wa kamati akasimama juu ya meza akasema kwa sauti, karani wake akafasiri, kwamba wa kwanza anapata medali ya dhahabu, wa pili ya fedha, na wa tatu ya shaba. Watu wakapiga vigelegele. Ndipo Pazi aliponiona nami nikamwona, na sikufichi, Mshauri, tangu siku ile sikutaka mtu mwingine.

Alipoleta posa, baba yangu alisema maneno mafupi. Alisema, "Mimi sina haja ya ng'ombe wala mafungu ya nguo. Binti yangu nimemlea vizuri. Atakayemwoa ampe kitu cha dhahabu, hata kiwe kidogo, awe nacho siku ya shida." Baba alisema hivyo kwa sababu Hemedi naye alikuwa ameleta maneno kwa watu wake, na kwao kuna uwezo, baba yake ana duka. Pazi hakuwa na kitu ila shamba na ile medali. Akasema, "Mzee, dhahabu ninayo." Akaitoa, imefungwa katika kitambaa cheupe. Baba akaigeuza geuza akasema ni nzuri, lakini tuipeleke kwa sonara aipime, na Pazi akajibu, "Mzee, hii nimepewa na wakubwa mbele ya halaiki ya watu. Tindikali isiiguse, itaharibika." Baba akacheka, akakubali. Siku ya ndoa sheikh akauliza mahari ni nini, ikasemwa ni medali moja ya dhahabu, watu wote barazani wakafurahi, na mimi ndani nikajiona ni mwanamke asiye na mwenzake Kisarawe nzima, kwa sababu wenzangu wameolewa kwa fedha za mkononi zikaliwa zikaisha, na mimi mahari yangu ameitolea mume wangu jasho.

Tumekaa vizuri. Pazi hanipigi, hanitukani, na nikiumwa anakwenda kuteka maji mwenyewe bila kujali watu wanasema nini. Mimba ilipokua nikarudi kwa wazazi wangu kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza, na yeye kila Ijumaa anakuja kuniona kwa miguu kutoka Mlandizi kwa njia ya porini, anafika mchana na kapu la mahindi mabichi au samaki wa mtoni, analala, kesho yake anarudi.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mama yangu aliniambia kwamba siku ya arobaini ya mtoto si vizuri nitoke mbele ya watu na masikio matupu wakati nina dhahabu imelala ndani ya sanduku, na shangazi Biasha akasema anamjua sonara mmoja wa Kihindi mjini, mtu mwaminifu, anaweza kuiyeyusha ile medali akanitengenezea herini na kipini cha pua, na kitakachobaki tukiweke. Nikaona ni maneno mazuri. Pazi sikumwambia, nilisema nitamshangaza. Tukapanda basi mimi na shangazi mpaka Dar es Salaam.

Yule sonara alipoishika tu mkononi akanitazama. Akasema, "Mama, nani amekupa hii?" Nikasema mume wangu. Akasema, "Nyepesi. Dhahabu ukubwa huu ingevuta mkono wako chini." Akaiweka juu ya mizani, akatikisa kichwa, akachukua tupa akaikwaruza pembeni kidogo, akaisugua juu ya jiwe jeusi, akadondosha tindikali, na ule mstari uliokuwa juu ya jiwe ukapotea mbele ya macho yetu. Akasema, "Shaba ya manjano, mama. Juu wamepaka dhahabu, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Herini haitoki hapa, hata moja." Shangazi akaanza kugomba, akasema wewe unataka kutuibia, na yule fundi hakukasirika, akasema kijana mmoja wa Maneromango alimletea medali ya mshindi wa pili wa michezo ileile, amfanyie mama yake bangili, na ile ilikuwa fedha safi, hakuna kilichochanganywa ila kile kidogo cha kuikaza. Mshauri, fikiri mwenyewe. Aliyeshindwa amepewa fedha ya kweli, na aliyeshinda amepewa shaba!

Nilimsihi shangazi anyamaze mpaka nizungumze na mume wangu, lakini tulipofika nyumbani hakuweza kukaa nalo hata mpaka jua lichwe. Baba akaichukua medali akaiweka kwake.

Ijumaa Pazi akaja. Nilimwona kwa mbali anatoka jasho, kapu kichwani. Akamwamkia baba, "Shikamoo, mzee," na baba hakuitika. Akamtupia medali miguuni.

"Hii ni nini?"

Pazi akainama akaiokota. "Ni medali yangu, mzee. Ni mahari ya mke wangu."

"Medali ya nini?"

"Ya dhahabu."

"Itazame pembeni."

Pazi akaitazama pale ilipopita tupa, akapasugua kwa ukucha, akapasugua tena. Akauliza, "Nani ameikata?" na akaniangalia mimi. Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka na shangazi, na Mungu ananiona, sikufungua kinywa. Shangazi ndiye aliyesema, "Ameikata sonara, na mkeo alikuwapo."

Baba akamwambia, "Ndiyo maana ulikataa isipimwe. Umemwoa mwanangu kwa kipande cha bomba." Pazi akasema, "Mzee, kama ni uwongo, basi nimedanganywa pamoja na wewe." Baba akasema, "Mimi sikukimbia. Aliyepewa ni wewe." Basi Pazi akaiweka medali juu ya kapu taratibu, akaniambia mimi, "Ungeniambia, Mwanakheri. Ungeniambia tu," akageuka akaondoka, hata maji hakunywa, na medali baba akairudisha kwake. Tangu siku ile Ijumaa kadhaa zimepita na hakuja.

Baba anasema ndoa haikuswihi kwa sababu mahari ilikuwa ya uwongo, na kwamba nikijifungua atakwenda kudai talaka, na kama Pazi akikataa atamshitaki kwa utapeli. Juzi Hemedi ameleta salamu kwa shangazi, eti anasikitika kwa yaliyonipata, na baba aliposikia akasema, "Yule angalau chake kilikuwa cha kweli." Maneno hayo yameniuma kuliko yote.

Nauliza. Je, nimekaa na mume wangu katika haramu? Na huyu mtoto aliye tumboni ataitwaje? Na kuna jambo jingine ambalo usiku linanikosesha usingizi: kwa nini Pazi alikataa isipimwe? Nampenda mume wangu, lakini nikikumbuka neno lile, tindikali isiiguse, moyo unaingia baridi. Naomba unijibu upesi, maana tumbo linakua na baba habadiliki.

Ni mimi,
Mwanakheri binti Kitwana


JIBU

Binti yangu Mwanakheri,

Barua yako nimeisoma, nikaenda nayo kwa watu wawili kabla ya kukujibu, kwa sababu mambo mawili ndani yake yanataka wajuzi. Nimekwenda kwa sheikh ninayemwamini, na nimekwenda kwa fundi wa dhahabu. Majina yenu sikuyataja.

Nianze na la sheikh, maana hilo ndilo linalokuliza. Ndoa yako ni sahihi. Ndoa husimama kwa walii wa mwanamke, mashahidi, na maneno ya kuoza na kukubali, na hayo yote yalikuwapo. Mahari ikionekana si kile kilichotajwa, ndoa haivunjiki, ila mume atakuwa na wajibu wa kukupa badala yake, mahari ya mwanamke wa hali yako. Hukukaa katika haramu hata siku moja. Mtoto ni wa Pazi, ataitwa kwa jina la Pazi, na mtu yeyote atakayesema vinginevyo anatenda dhambi kubwa. Futa machozi.

Sasa la medali. Wewe na baba yako mnadhani mume wako amepewa kitu cha ajabu kisichopewa mtu mwingine duniani. Si hivyo. Hata katika ile michezo ya mataifa yote, Olimpiki, medali za dhahabu tupu zilikoma mwaka 1912, na tangu hapo mshindi wa kwanza hupewa medali ya fedha iliyopakwa dhahabu juu. Wafalme na mawaziri wanakuwapo, na hakuna anayekwenda na tindikali. Ya pili huwa fedha, kwa sababu fedha bei yake inavumilika, na ya tatu huwa shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Kamati ndogo, zenye mfuko mdogo, hununua ya kwanza ikiwa shaba ya manjano iliyochovywa, kwa kuwa dhahabu tupu wasingeiweza. Ndiyo maana umeona kioja hiki, wa pili kupata madini yenye thamani kuliko ya wa kwanza. Wangesema tu "medali ya mshindi wa kwanza," wasiseme "ya dhahabu" mbele ya watu wanaoamini wanachoambiwa, na nyumba yenu isingefika hapa. Hilo ni kosa lao na nimelisema.

Lakini usishangilie mapema, binti yangu, maana nina la kwako pia.

Mahari ni mali yako. Ulikuwa na haki ya kuiyeyusha, kuiuza, hata kuitupa mtoni, bila ruhusa ya mtu. Hapo sikulaumu. Ninachokulaumu ni kwamba kile kilikuwa mahari yako na papo hapo kilikuwa ushindi wake, cha pekee alichopata maishani, na wewe ukataka kukifanya kipini cha pua bila kumwambia neno. Unasema ulitaka kumshangaza. Kweli umemshangaza. Na kosa kubwa zaidi ni pale juu ya mkeka. Mume amekuja kwa miguu kutoka Mlandizi, anatuhumiwa wizi mbele ya watu, anakuangalia wewe, na wewe unanyamaza. Neno moja lingetosha. "Baba, mimi ndiye niliyekwenda, na yeye hajui." Hukulisema. Kisha unaniuliza kwa nini haji Ijumaa!

Unataka nikwambie kama alijua. Mimi siuoni moyo wa mtu nisiyewahi kumwona. Ninachoweza kusema ni hiki: mtu anayejua kwamba dhahabu yake ni bandia hampi mwanamke akae nayo sandukuni kwake, aitoe siku yoyote aitakayo. Na tindikali huacha alama hata juu ya dhahabu ya bei ndogo, kwa hiyo mwenye kitu anachokipenda aweza kukataa bila hila yoyote. Lakini hayo ni mawazo yangu. Jibu liko Mlandizi, kwa mwenyewe, na hujamwuliza. Umemwuliza sonara, shangazi, na gazeti zima, ila yeye.

Pazi naye ana lake, na ukimwona mfikishie. Alisema "dhahabu ninayo" bila kujua anachokishika. Anayelipa mahari huhakikisha kwanza. Baba yako alimpa nafasi ya kupima, akaikataa. Kwa hiyo wajibu wa badala uko juu yake, na asikimbilie kusema kamati ndiyo iliyomdanganya.

Kwa baba yako nasema kwa heshima, maana ni mtu mzima na amefanya hayo kwa kukupenda. Mzee Kitwana, mahari si yako. Ni ya binti yako. Yeye ndiye mwenye kudai, mwenye kusamehe, na mwenye kukubali badala, na huna haki ya kuvunja nyumba yake kwa jambo ambalo sheria imeliwekea dawa. Na kama unaona maneno ya gazeti ni mepesi, nenda kwa sheikh wa hapo hapo Kisarawe umwulize wewe mwenyewe.

Basi fanya hivi, wala usingoje. Chukua medali yako kutoka kwa baba, ni mali yako, iombe kwa adabu. Funga safari uende Mlandizi kabla tumbo halijawa zito, pamoja na mtu mzima mmoja, na asiwe shangazi Biasha. Mwambie mume wako ulikosa pale ulipomficha na pale uliponyamaza. Kisha mwulize swali lako, uso kwa uso, na atakalokujibu litazame na tabia yake yote unayoijua, siyo na neno lile moja. Mkipatana, tajeni badala ya mahari mbele ya mashahidi, kitu anachoweza kukitoa na ambacho hakihitaji jiwe jeusi. Salamu za Hemedi usizijibu. Mwanamume anayeleta salamu za pole kwa mke wa mtu anajua anachokitafuta.

Na ukishafanya hayo uniandikie, maana hata mimi sasa nalala nikiwafikiria.

Mshauri wako


BARUA YA PILI

Kwa kuwa wasomaji wengi waliulizia habari za bibi huyu, tunachapisha sehemu ya barua aliyotuletea mwezi wa Agosti.

... Baba alipolisoma lile gazeti alikasirika, akasema anatukanwa na watu asiowajua. Lakini siku ya pili akavaa kanzu akaenda kwa sheikh, na aliporudi alikwenda chumbani kwake akatoka na medali akaniwekea mkononi. Kesho yake nikaondoka na mama.

Tulimkuta Pazi shambani anapalilia. Alimwamkia mama, akatuletea kigoda na maji, akakaa mbali kidogo. Nikamwambia yote kama ulivyonifundisha, kwamba nilikosa kumficha na nilikosa kunyamaza. Ndipo nikamwuliza, "Pazi, ulijua?"

Akaniambia, "Nilijua nilikuwa wa kwanza. Mengine niliambiwa."

Mshauri, nilimwamini pale pale, na ninamwamini hata leo.

Akanieleza kwamba zile Ijumaa alizokosa, moja alikwenda Dar es Salaam kwa sonara mwingine, hakuwa na medali mkononi, akamweleza tu ilivyo, na yule fundi akacheka akasema medali zote za dhahabu huwa hivyo. Aliona haya kurudi Kisarawe mikono mitupu mbele ya baba, kwa sababu kweli alisema ana dhahabu na hakuwa nayo. Mama akamwambia, "Mwanangu, haya si ya kukufanya umwache mkeo na mimba." Pazi akalia. Sikuwahi kumwona akilia.

Mama yake Pazi, Mungu amrehemu, alimwachia mikorosho kando ya shamba, inayozaa vizuri. Hiyo ndiyo aliyonipa. Tulikaa na mashahidi, baba yangu akaja mwenyewe kutoka Kisarawe, akazunguka kila mti akiugusa kwa mkono, akauliza mipaka, akaridhika. Ikatajwa kuwa ni mali yangu, na korosho zake ni zangu, na mume wangu hana haki nazo ila nikimpa. Medali nimemrudishia iwe yake kwa zawadi. Kwanza alikataa, nikamwambia kwamba mimi nilikuwapo uwanjani na nilimwona, na siku ile hapakuwa na sonara. Akaipokea.

Nimejifungua salama, mtoto wa kike, na arobaini tumeimaliza. Nilitoka na herini za shanga alizonishonea mama, na hakuna aliyecheka.

Mwezi ujao kuna mbio hapa kwetu Mlandizi, zimeandaliwa na wakulima wenyewe. Kwa muda mrefu Pazi alisema hatakimbia tena. Jana mtu wa kamati alipita akitangaza kwamba mshindi wa kwanza atapata jembe jipya, wa pili panga, na wa tatu mfuko wa chumvi. Pazi akamwuliza, "Jembe lenyewe liko wapi?" Yule mtu akalitoa kwenye gunia. Pazi akalishika, akalipima uzito kwa mkono, akaligonga juu ya jiwe mara mbili na kulisikiliza, kisha akamrudishia.

"Andika jina langu," akasema.